Esta Anamtafutia Loveness Nguo

Esta ana watoto watatu, lakini aliyempatia jina midomoni mwa watu ni wa kwanza, Loveness. Siku za kliniki wanawake wenzake walikuwa wakipokezana kumbeba, kila mmoja akijifanya amelemewa. "Mama Loveness, mwenzetu unamlisha nini huyu?" Esta alikuwa akicheka tu, anamrudisha mtoto mgongoni na kuifunga kanga kwa madaha. Huku milimani Usambara mtoto mnene haitwi mnene. Huambiwa ana afya, na mama yake huhesabiwa kuwa ameweza kulea. Hakuna aliyemwambia Esta kwamba sifa hiyo ina mwisho wake. Mtoto akishafika miaka saba hivi, neno afya huondoka polepole na mahali pake huja neno bonge, na wasemaji ni wale wale waliokuwa wakigombania kumbeba.

Esta ni mkulima. Nyumba yake iko kwenye kitongoji kimoja juu ya Malindi, hii ya Lushoto, shamba limelala ubavu kiasi kwamba ukidondosha karoti utaikuta kwa jirani. Hulima kabichi, karoti na maharage, na siku za gulio huteremsha mzigo Lushoto mjini. Mumewe, Martin, ni mlinzi Korogwe, hurudi mwisho wa mwezi akakaa siku mbili. Kuhusu unene wa binti yake Martin alikuwa na neno moja tu, alilolirudia kwenye simu: "Mpunguzie ugali." Esta alimpunguzia. Loveness alikula makande sahani moja na wadogo zake, akachota maji kama wao, akapanda mlima kwenda shule kama wao, na mwili ukaendelea na safari yake. Hospitalini walimpima, wakasema haumwi, ndivyo alivyo, ale mboga kwa wingi. Mboga ndiyo kitu pekee ambacho nyumba ya Esta haijawahi kukosa.

Basi tabu ikawa nguo. Mitumba ya watoto hupangwa kwa umri, na mwili wa Loveness haukuwa umeulizwa umri. Gauni la miaka kumi na moja, ambayo ndiyo miaka yake, lilimkwama mabegani. La miaka kumi na minne lilipita mabegani kwa shida, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Sketi ya shule Esta aliiongeza ubavuni mara mbili kwa kitambaa cha bluu ambacho hakikukubaliana na bluu ya kwanza, na kiunoni akaifunga kwa kamba kwa sababu kifungo hakikuwa kinafika tena kwenye tundu lake. Mwisho akafanya alichoona ni busara. Akaacha robota la watoto, akaenda kwenye robota la kina mama.

Alipata gauni la kitenge la mtu mzima, zito, zuri, lenye mikono iliyotuna. Akalikata chini, akalikunja pindo, Loveness akalivaa na likafunga. Mtoto akasitirika. Kwa kuwa baridi ya huko juu haina mchezo, Esta akamwongezea kanga ya kujitanda, akajipongeza moyoni kwamba amemaliza kazi.

Ndipo shikamoo zikaanza. Kwa watu wa huku salamu si jambo la hiari. Mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari itafika kwa bibi yake kabla yeye hajafika. Watoto wadogo waliokutana na lile gauni la kitenge kwenye ukungu wa asubuhi hawakungoja kuona uso. "Shikamoo mama." Siku ya kwanza Loveness alinyamaza, watoto wakadhani wamemuudhi, wakarudia kwa sauti kubwa zaidi. Siku ya pili akajibu marahaba ili yaishe. Jioni alipomsimulia mama yake, Esta alicheka mpaka akauweka mwiko chini.

"Basi umeshakuwa mama mwenzangu," alimwambia. "Kesho utakwenda wewe kwenye vikao vya kijiji."

Loveness naye alicheka. Esta baadaye aliukumbuka mara nyingi ule mzaha, na kila alipoukumbuka alitamani angekuwa ameung'ata ulimi wake.

Ilikuwa Ijumaa ya kufunga shule, mwezi wa sita, na wazazi walikuwa wameitwa kwenye mkutano. Sketi ya Loveness ilikuwa imechanika siku mbili kabla, alipoinama kufagia darasa, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Na siku hiyo hiyo mnunuzi wa kabichi akaleta gari bila taarifa. Esta hakuweza kuliacha gari, wala hakutaka kuandikwa mtoro na kuitwa mbele ya kamati. Akamwambia binti yake, "Nenda kanishikie nafasi kwenye mstari. Usiondoke mpaka nije." Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanza. Loveness akavaa lile gauni, akajifunika kanga kichwani, akaenda.

Mezani alikuwa mwalimu Mwanaisha, msichana wa Tanga mjini, ana wiki tatu tu tangu apangiwe shule hiyo, na bado darasa la tano, lile la Loveness, hajawahi kulifundisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba za Mwanaisha zilikuwa mbili: baridi, na hofu ya kuwakosea wazee wa watu. Alikuwa akimwamkia kila aliyefika. Alikuwa ameinamia daftari la mahudhurio, vidole amevificha kwenye mikono ya sweta, mstari ukisogea. Esta alikuwa bado anapakia kabichi. Mstari ukafika kwa Loveness.

Mwalimu akaona kitenge, akaona kanga. "Shikamoo mama," alisema, kalamu tayari. "Wewe ni mzazi wa nani?"

"Marahaba," alijibu Loveness.

Lilimtoka tu. Lilikuwa limeshazoea kutoka.

Kisha mtu mmoja akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyebaki. Walicheka wazazi kwenye mstari, walicheka wanafunzi madirishani. Mzee Sefania, mwenyekiti wa kamati, mtu wa kanisani kabisa, alijishika ubavu. "Mwalimu, huyo ni mwanafunzi wako," alisema alipopata pumzi. "Umemwamkia na ameitikia." Mwanaisha akainua uso. Aibu ilimpanda, na kama ilivyo kwa wengi wetu, ikageuka hasira njiani. "Na wewe unaitikia?" alimuuliza mtoto. "Mimi ni mdogo wako?"

Mtoto mwingine angekimbia. Loveness hakukimbia, kwa kuwa alikuwa ameambiwa ashike nafasi. Alisogea kando hatua moja kuwapisha waliokuwa nyuma, akasimama pale mbele ya meza, kanga ameishika kidevuni, kicheko kinaanza na kuisha na kuanza tena. Alisimama hivyo karibu nusu saa. Esta alipofika, mikono ina udongo, alikuta watu wazima wanafuta machozi ya kicheko na binti yake yuko peke yake mahali pa wazi.

"Mama, nafasi yako hii hapa," Loveness alisema, akaenda nyumbani.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba hakwenda. Hakubisha wala hakulia. Asubuhi alikuwa anaumwa tumbo, na kesho yake tena, na wiki ikapita hivyo. Sketi mpya haikuwepo, ya zamani haikuvalika, na lile gauni alikuwa amelikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku. Esta alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Siku ya nane mtoto akasema kilichokuwa moyoni: "Sitaki kuamkiwa tena. Nipe nguo ya mtoto, nitakwenda. Kama hakuna, nitalima na wewe." Alilisema bila hasira, jambo la mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake, na Esta aliogopa. Alijua wasichana wangapi kitongojini walianza kwa kukosa wiki mbili, wasirudi tena shuleni.

Alhamisi akaenda naye gulioni. Walipekua nguo kuanzia asubuhi. Kijana mmoja muuza mitumba, Abdi, alijitahidi kwa haki, alifungua hata robota alilokuwa ameliweka akiba. Mwishoni akachoka. "Mama, huyu mtoto hana saizi," alisema. "Chukua hizi za kina mama, ndizo zake." Hakuwa na nia mbaya. Lakini Loveness aligeuza uso akatazama kule kwenye mafungu ya viazi, na hakugusa nguo nyingine siku ile.

Jumamosi mwalimu Mwanaisha akapanda mlima mwenyewe, viatu vimejaa tope. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akakataa chai, kisha akaikubali. "Mama, nilimkosea mtoto," alisema. "Si kwa ile salamu. Kwa yale niliyomwambia baadaye." Esta akachochea moto. Mwenye kosa la kwanza alikuwa anamjua. Mwalimu akasema kuna fundi Lushoto mjini, nyuma ya soko, mzee wa kwao Tanga, anaitwa Ramadhani. "Yule hashoni saizi, anashona mtu. Mpelekeni."

Walimkuta barazani na cherehani yake ya miguu, Loveness amevaa lile gauni la kitenge alilolitoa sandukuni kwa kukosa jingine. Esta akaamkia, Loveness akaamkia, mzee akawaitikia wote wawili. Esta akaanza kueleza: mtoto mnene, nguo hazimwenei, sketi ya shule imechanika. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Loveness.

"Binti, hili ulilovaa linakubana wapi?"

Esta alingoja asikie kwamba halibani. Loveness alimtazama mama yake, akatazama chini.

"Nionyeshe tu kwa kidole," alisema mzee.

Akaonyesha kwapani. Akaonyesha kiunoni. Akasita, kisha akaonyesha katikati ya mapaja. Mzee Ramadhani akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa jambo la kawaida sana, akamwomba Esta aingie na mtoto nyuma ya pazia amvue, ampime yeye mwenyewe mama mtu, kisha amletee vipimo vimeandikwa. Hakutaka vitajwe kwa sauti, baraza lilikuwa na watu.

Esta hakuwa amemwogesha Loveness tangu akiwa na miaka saba. Nyuma ya pazia aliuona mwili wa mwanawe. Kiunoni palikuwa na mstari mweusi uliozunguka pande zote, mahali kamba ya sketi ilipokuwa ikikaa. Makwapa yalikuwa yamechubuka, yakapona, yakachubuka juu ya kovu. Mapaja ndani yalikuwa magumu kama kisigino. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Esta ndiye aliyekitandika hiki kitanda kwa mikono yake, na akakisifia. Alitaka kuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Kisha akakumbuka Jumapili zote alizomfinya kanisani: acha kujikuna, kaa vizuri, watu wanakutazama. Akachukua utepe, akapima. Ilibidi aandike kiuno mara mbili.

Mzee alieleza kazi yake bila haraka. Gauni la mama limekatwa kwa kifua cha mama na kwapa la mama, alisema, ukilifupisha chini hujabadilisha lolote huku juu. Mtoto mnene ni mtoto. Unaanzia kwenye mabega yake, halafu unashuka ukipanua. Kwapa unalichimba, mkono upate nafasi. Kiunoni unatia lastiki pana, si kamba. Kitambaa kiwe pamba. Na ndani ya sketi kaptura nyepesi, ishuke karibu na goti, ili mapaja yasikutane.

Wiki iliyofuata walirudi. Sketi ya bluu ilikuwa tayari, na shati jeupe, na ile kaptura, na gauni la nyumbani lenye vijiua vidogo na ukosi wa mviringo, gauni ambalo ungelitazama kwa mbali ukajua la mtoto wa shule ya msingi. Loveness akalichukua gauni na kaptura, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa sana. Esta akaanza kuogopa kwamba hata hili limegoma.

Akatoka. Lilimwenea. Akanyanyua mikono juu, akaishusha. Akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. Esta alingoja tabasamu, na tabasamu halikuja. Uso wa mtoto ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakikuti.

"Jumatatu nitakwenda shule," alisema. Kisha akamsogelea mama yake, akauliza kwa sauti ya chini. "Mama, za wenzangu nazo ziko hivi? Siku zote?"

"Ziko vipi?"

"Haziumi."

Esta akaushika ukosi wa gauni, akaunyoosha.

"Mimi nilijua nguo zinamuuma kila mtu," alisema Loveness. "Nikasema wenzangu wanavumilia kuliko mimi."

Mzee Ramadhani aliondoa mguu kwenye cherehani. Esta alimshukuru kwa Kishambaa, lugha ambayo mzee hakuijua, kisha akapiga magoti mbele ya mwanawe akajifanya anakagua pindo, na pindo halikuwa na kasoro yoyote.