Drili ya Betri na Mtu wa Chini ya Ngazi

Niliambiwa nijaribu drili, nami nikajua papo hapo kwamba anayejaribiwa ni mzee.

Timu yetu ilikuwa ya watu wawili. Tulikuwa tunafunga trei za nyaya juu ya dari za jengo jipya la ofisi kule Upper Hill, miaka ile ambayo ukimaliza mjengo mmoja unavuka barabara tu kuingia mwingine. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, natoboa slabu, ile dari ya zege. Mzee, aliyenipita zaidi ya miaka ishirini na ndiye aliyenifundisha kazi hiyo tangu kushika nyundo, alikuwa chini. Magoti yalikuwa yamekataa kupanda. Kwa mtu mwenye haraka kazi yake ilikuwa si kazi: kuvuta waya wa ekstensheni chumba hadi chumba, kuchunga plagi isichomoke, kushika ngazi.

Lakini hakuwa anashika ngazi tu. Kiganja chake alikilaza kwenye mguu wa ngazi, na kupitia hapo alikuwa anasikia drili inakula nini. Ndani ya slabu kuna vyuma, na biti, ile ncha ya kutobolea, ikikamatwa na chuma, drili inazunguka yenyewe na kukuvunja mkono au kukutupa. Kabla haijakamata, mzee alikuwa anaita, "Chuma!" Mimi naachilia. Alikuwa anajua kabla yangu, na mimi ndiye nimeishika drili! Nilishawahi kumwuliza anajuaje. Akasema, "Wewe toboa, wacha maswali."

Jumatatu asubuhi msimamizi akaja na sanduku jeusi la plastiki. Ndani kulikuwa na drili ya zege ya betri, haina waya, na betri mbili na chaja. Alikuwa ameiazima duka moja la vifaa katikati ya mji, kwa mwenye duka wa Mombasa aliyemwamini kama mteja wa siku nyingi.

"Ijaribu kwa slabu, usiijaribu kwa mawe," akaniambia. "Mawe ya Nairobi hata msumari inaingia. Mpaka Ijumaa nataka kujua mambo mawili. Hii ni kitu ya fundi ama ni ya kutundika picha kwa nyumba? Na mtu mmoja anaweza kufanya nayo peke yake?"

Nikauliza mtu mmoja kivipi.

"Waya hakuna. Sasa wa kuvuta waya ni wa nini?" Alisema hivyo akiiangalia drili. Mzee alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. "Na asiichezee mtu. Hiyo ni kitu ya wenyewe. Atakayeiharibu aende nyumbani siku hiyo hiyo."

Akashuka. Mzee alikuwa na shamba dogo Mutuini, la sukuma wiki na ng'ombe mmoja, na kitindamimba wake alikuwa kidato cha tatu. Mzee alitia betri kwenye chaja, akangoja taa iwake, akaniambia nianze.

Haki, nilitaka iwe takataka. Niliombea iwe takataka! Nilikuwa nimeziona drili za betri za kwanza kwanza, zile za kuguna tu mbele ya zege kama mzee anayeamshwa. Hii haikuguna. Ilikuwa nzito, na kufikia saa nne shingo iliniuma, lakini iliingia. Betri moja ilinifikisha chakula cha mchana, na ilipochoka ilipunguza sauti kwanza, ikanipa nafasi ya kutoa biti. Ya pili ilikuwa tayari imejaa. Jumatano stima ikapotea jengo zima. Mafundi wote wakakaa chini, wengine wakatoa simu zao za kamera, na sisi tukaendelea kutoboa. Watu wakaja mlangoni kutazama. Mzee siku hiyo aliukunja ule waya wa ekstensheni, akaukunjua, akaukunja tena vizuri zaidi. Nilikuwa namwona kutoka juu, na nikashikwa na hasira ya kutaka kupiga mtu.

Alhamisi nikafanya ujinga wangu.

Chini kabisa ya mkoba wangu kulikuwa na biti ya zamani, kichwa kimevunjika upande mmoja. Fundi yeyote anajua kwamba hata drili ya bei ya gari, ukiitia biti mbovu, itapiga kelele na kuchemka bila kuingia. Nikangoja mzee aende kuchukua chai. Nikaiweka. Mpango ulikuwa mwepesi: itaonekana haina nguvu, nitasema si ya kazi, itarudi dukani, na waya wa mzee utabaki na wa kuuvuta.

Mzee akarudi na vikombe vya chai, akavitua chini, akashika ngazi. Shimo la kwanza lilitoa moshi. La pili vilevile. Ngazi nzima ilikuwa inatetemeka, na mimi nikafurahi. "Naona hii kitu imeshindwa!" nikapaza sauti. Mzee akakaza kiganja kwenye mguu wa ngazi. Shimo la tatu nikaiegemea kwa mwili wote, kwa ile hasira ya jana.

"Chu—"

Alichelewa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alichelewa, maana ile biti yangu ilikuwa inatikisa ngazi hata kiganja chake hakikuweza kutofautisha zege na chuma. Biti ikakamata. Drili ikanizungusha mkono, kifundo kikalia, na mguu mmoja wa ngazi ukatoka sakafuni. Nikaona dirisha mahali pa dari. Mzee akairukia ngazi kwa kifua. Akaikumbatia na kuikandamiza, akaguna vibaya, nikabaki nimening'inia kwenye trei kwa mkono mmoja mpaka miguu ilipopata ngazi tena.

Nikaing'oa drili, nikashuka. Mzee alichomoa biti kwa kitambaa, ilikuwa moto, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii umetoa wapi?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanishukuru, mjinga mimi.

"Kwa hivyo unanisaidia kwa kujiua?" akasema. Alikuwa anapumua kwa shida, mkono ubavuni. "Na mashine ya watu imekukosea nini?"

Akatia biti mpya. Akaniambia nimalizie shimo kando ya lile. Kwa mkono wa kushoto nikalimaliza, likaingia laini mpaka aibu.

Ndipo tukasikia viatu vya msimamizi. Alikuja siku moja kabla. Mzee akaitumbukiza ile biti mbovu mfukoni mwa koti lake.

"Haya. Ni ya fundi?"

"Ni ya fundi," nikasema.

"Mtu mmoja anaweza?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Hawezi. Dakika kumi zilizopita imenitupa, na bila mtu wa chini mngekuwa mnanibeba sasa hivi kunipeleka hospitali, hata si mbali. Hakuna hoja bora kuliko hiyo duniani. Lakini angeuliza imenitupa vipi, na angetaka kuiona biti. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walikosea, mimi nilichimba na mwingine ndiye aliyekuwa ukingoni. Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi minne katika chumba cha kupanga mtaa wa Satellite. Nikaficha mkono uliokuwa unavimba mfukoni, nikatazama sakafu.

"Nakuuliza wewe!"

"Anaweza," mzee akasema. "Nimemfundisha mimi mwenyewe."

Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Akamwambia mzee apite ofisini kesho jioni. Mzee akasema sawa, akainama kuokota vikombe vya chai.

Mimi watu hunijua kwa mdomo. Nimegombana na wakubwa na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, nimegombana hata na mchungaji. Siku hiyo nilinyamaza mpaka mwisho.

Jumatatu nilipanda ngazi peke yangu. Mkono wa kulia nilikuwa nimeufunga bendeji, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini.