Sarafu za Saba

"Hivi mama, yule shemeji yako anatafuta nini kwenye sarafu?" Jirani yangu muuza mkaa aliniuliza hivyo tukiwa bombani tunangoja ndoo zijae. "Jana nimempa ya kuingilia chooni, akaisogeza mpaka puani. Mimi nimebanwa, yeye anasoma."

Nikamwambia anasoma mwaka.

"Basi asome nikishatoka," akasema, akajitwisha ndoo yake.

Niliwahi kucheka na mimi. Lakini wengi walimwona kwenye kile kidirisha wakaishia kumcheka tu, na habari yake si ya kucheka, ndiyo maana nimeona niiandike.

Huyu ni mume wa dada yangu. Tangu Mungu alipomchukua dada, tunakaa ua mmoja, chumba chake kimepakana na changu, na chakula chake napika mimi. Walijaliwa binti mmoja, fundi cherehani, ambaye mimi ni mama yake mdogo, na cherehani yake ilikaa chumbani kwangu. Kazi ya shemeji ilikuwa kukaa kwenye dirisha la choo cha kulipia pale sokoni. Anapokea sarafu, anarudisha chenji, anamkatia mtu karatasi. Watu walimwita Mzee Chenji, na wengine walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Nyuma ya soko kuna fundi saa. Siku moja alitundika kipande cha boksi mlangoni, kimeandikwa kwamba ananunua sarafu za zamani kwa ajili ya watu wanaozikusanya. Shemeji akamfuata na kiganja kizima cha sarafu zilizochakaa. Fundi akazirudisha zote.

"Uzee hauleti bei, mzee wangu. Kinacholeta bei ni uchache. Niletee iliyo chache kweli, tutaongea."

Neno hilo lilimwingia. Alirudi nyumbani akaniambia, "Shemeji, hebu fikiria. Nani mji huu anaziona sarafu nyingi kuliko mimi? Benki wanazipima kwa mzani, hawazisomi. Mimi napokea moja moja."

Akaomba trei kuukuu kwa muuza mayai. Kila kishimo akakiandika mwaka kwa kalamu ya wino mzito. Asubuhi, soko likiwa bado halijachangamka, alichota sarafu mia kutoka kwenye kopo, akawa anatia kila moja kwenye kishimo cha mwaka wake. Vishimo vingi vilijaa mpaka sarafu zikasimama kama minara. Kimoja tu kilibaki karibu kitupu, kama pengo la jino, nacho ni cha mwaka unaoishia na saba. Kwa kila mia zilitoka mbili au tatu. Akarudia kesho yake, na wiki iliyofuata, ikawa vilevile.

Basi akaanza kuziweka Saba. Hakuwa mwizi. Kila alipoitoa moja kwenye kopo la bosi alitia nyingine ya mfukoni mwake, hesabu ikatimia. Mshahara wake mwembamba ulikwenda hivyo, na uvunguni mwa kitanda ndoo ya rangi ikawa inajaa. Miaka ikapita. Zile mbili au tatu kwa kila mia zikawa moja, na siku nyingine hata hiyo moja haikutoka. Siku za namna hiyo alirudi akiwa na furaha.

"Zinaadimika, shemeji. Zinazidi kuadimika."

Macho yakaanza kumsumbua wakati Saba zilipoanza kupungua. Alikuwa anagonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, tukamtania kwamba amenenepa. Tulipompeleka hospitali daktari akasema ni presha ya macho, la kushoto limeshakwisha na la kulia lifanyiwe upasuaji mapema.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alisema. "Tunalinda kilichobaki. Msikae nyumbani mkangoja."

Gharama ilikuwa kubwa kwetu. Binti yake akasema atauza cherehani.

"Uuze mkono wako ili mimi nipate jicho?" shemeji akamjibu. "Halafu utanilisha nini, macho?"

"Baba, daktari kasema mapema."

"Nimesikia. Ngoja kidogo Saba ziive. Nikiziuza wakati huu ambapo bado nyingine zinatokea, nitapunjwa. Zikikatika kabisa ndipo bei inapanda."

Binti alinitazama mimi. Nilisema Mungu atafungua njia, tukangoja. Nilikuwa nikipiga magoti naziombea zile sarafu kama mtu anavyoombea mvua.

Siku ilipofika ambayo hakuona hata Saba moja kwa mwezi mzima, akasema sasa. Nilimshika mkono mimi, ndoo tukaibeba kwa zamu, maana ilikuwa nzito kama ya saruji. Kwa fundi saa alikuwepo mteja mwingine aliyengoja saa yake. Fundi akachota sarafu, akazigeuza chini ya ile lenzi yake ya jichoni.

"Umejuaje kwamba ni chache?"

"Nimehesabu miaka. Kwa kila mia zilitoka mbili tatu, ikaja moja, sasa haitoki kabisa."

"Mia za wapi?"

"Za wapi tena? Za watu."

"Za watu wa chooni kwako. Jioni sarafu zako unazipeleka wapi?"

"Duka la maji pale ng'ambo ya barabara. Mwenye duka anataka chenji, ananipa noti za kumpelekea bosi."

"Naye hizo sarafu anampa nani?"

"Wanaonunua maji."

"Wakishakunywa wanaenda wapi?"

Yule mteja akaangua kicheko, akajipiga paja. Shemeji hakucheka. Nilihisi vidole vyake vinanibana mkono.

Fundi hakuwa mtu wa dharau. Akamvutia kiti. "Mzee wangu, sisemi umekosea. Huenda ni chache kweli. Lakini kuhesabu sarafu elfu ni jambo moja, na kuhesabu sarafu zilezile mara elfu ni jambo jingine. Zitie alama. Zikizoea kurudi, utajua. Kisha kalete mia nyingine ambazo hazijawahi kuonana na choo chako."

Binti alitupatia rangi yake nyekundu ya kucha. Sarafu zote za siku moja tulizitia nukta moja moja pembeni, tukaziacha ziende zake kwenye duka la maji. Shemeji alisema hazitarudi, mji ni mkubwa. Wiki iliyofuata nilikaa naye dirishani kumsaidia kutazama. Kila mia tuliyochota, zaidi ya nusu zilikuwa na nukta nyekundu. Nyingine zilirudi siku hiyohiyo. Nilipomwambia alisema, "Hilo haliwezi kuzifanya Saba ziwe nyingi," akaendelea kukata karatasi. Lakini chakula cha jioni hakukigusa.

Ilibaki ile mia nyingine. Mwenzangu mmoja tunayesali pamoja ana mashine ya kusaga nafaka mwisho kabisa wa mji, upande ambao hata mbu wake hatuwajui. Nilimpa noti akanipa sarafu, zote zimeshikwa na unga. Tulikaa uani baada ya ibada, shemeji kwenye kigoda, trei ya mayai mapajani. Kwa wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mimi nasoma, yeye anatia kwenye kishimo kwa kupapasa. Vishimo alikuwa anavijua kwa kichwa.

Sarafu ya nne au ya tano nikasoma, "Saba."

"Soma tena."

"Ni saba, shemeji."

Akaitia. Tukaenda mbele kidogo, ikatoka nyingine. Kisha mbili zikafuatana. Nilitamani kusoma tisa badala ya saba, na uongo ule ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, lakini nikamwogopa Mungu. Tulipomaliza alipitisha kidole juu ya vishimo, kimoja baada ya kingine. Cha Saba kilikuwa kimesimama sawa na vya jirani zake. Hakikuwazidi wala hawakukizidi.

Muuza mkaa akapita akasema, "Mzee Chenji, leo unauza mayai ya chuma?" Akarudisha kidole kwenye kishimo cha Saba.

"Kumbe mimi ndiye niliyezimaliza," akasema baadaye, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Pale kwetu zinazunguka zilezile. Nikiona Saba naitoa, natia nyingine. Zikipungua nasema zinaadimika, nazidi kuzitoa. Nilikuwa nateka maji kwenye pipa langu mwenyewe, halafu nafurahi kwamba mji mzima una ukame."

Nikamwambia hata hivyo ni pesa, tuzihesabu tu kama pesa. Tulizihesabu. Ni kweli zilikuwa nyingi, ila alipoanza kuziweka mtu aliingia chooni kwa sarafu moja, na sasa anaingia kwa tano. Zile zilizomgharimu ujana wake wa mwisho hazikufika hata robo ya gharama ya hospitali.

Binti aliuza cherehani bila kumwambia. Tulipofika hospitali yule daktari alimmulika jicho, akazima tochi, akaandika. Akatuuliza tulikuwa wapi. Akasema atampa dawa ya matone ya kupunguza maumivu, na kwamba upasuaji sasa hauna cha kulinda. Kwenye benchi la nje shemeji alimuuliza mwanawe, "Wewe umezipata wapi hizi pesa?" Binti akamwambia amekopa kwa rafiki. Nadhani shemeji alijua, maana tangu siku ile hakuisikia tena ile sauti ya cherehani ukutani.

Alijaribu kurudi dirishani. Sarafu aliweza kuzijua kwa dole gumba, lakini watu wakaanza kumpa vizibo na vipande vya bati vilivyokatwa mviringo, na wengine waliingia bila kutoa chochote, kimyakimya kwa ncha za vidole. Bosi alimvumilia kidogo, kisha akaweka kijana. Namshukuru bosi kwamba alikuja mwenyewe kumwambia, hakutuma mtu.

Sasa shemeji anashinda kwenye kizingiti cha chumba chake. Wakati wa kusali namshika mkono tunakwenda pamoja, na njiani haulizi chochote. Pesa za cherehani ziliishia kwenye vipimo na matone, kwa hiyo binti anashonea watu kwa mkono majumbani mwao, vifungo na pindo, na anakuja kila akipata nafasi.

Wiki iliyopita chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilikwisha kwa pamoja. Nilimwomba ruhusa niibebe ile ndoo mpaka duka la jumla nikaimalize, tupate vya mwezi mzima, nayo itoke uvunguni isiendelee kumkera. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilipoinama kuivuta, akanyoosha mkono akanigusa bega.

"Shemeji, naomba usizimwage mahali pamoja. Nunua chumvi huku, sabuni kule, nyingine toa sadaka, nyingine kazitumie upande wa mbali wa mji. Zitawanye vizuri, ili mtu mwingine akikaa mahali akazihesabu, asidanganyike."