Dereva wa Dakika Ishirini

Tangu matembezi ya kwanza ya likizo ile, Mama Pacha hakumpenda dereva wa nyumba ya wageni. Kila walikokwenda, akizima injini alifuta kioo kwa kitambaa cha njano, kisha akatamka kwa sauti laini, kama anayebembeleza mtoto, "Dakika ishirini tu, jamani." Pacha hawajamaliza kuvaa viatu, yeye keshaanza kuguna.

Siku ya tatu walifika kwenye maporomoko ya maji, ambayo mama mkwe wa Mama Pacha, bibi yao pacha, alikuwa akiyazungumzia tangu walipoondoka nyumbani. Bibi alishusha mguu mmoja. Dereva akamshika kiwiko, akamrudisha kitini taratibu. "Bibi yetu apumzike. Miguu hii itatuchelewesha. Ataona picha kwenye simu."

Mama Pacha alipandwa na hasira. "Umemuuliza? Mdomo si anao?"

Dereva alitabasamu tu, mkono bado uko kwenye kiwiko.

"Niachie, mwanangu," bibi akasema. "Tena tafuta kivuli, maana leo utakaa."

Waliteremka kwa mwendo wake, hatua kwa hatua, wakasimama karibu na maji mpaka wote wakalowa chepechepe, na bibi ndiye aliyekataa kuondoka.