Mlango Ulipopigwa Teke

Siku umeme ulipokatika wilaya nzima, watu walilia. Mimi nilikaa gizani nikacheka peke yangu.

Usiniite mchawi. Soma kwanza.

Naitwa Verlene, mjane, naishi milimani kusini mwa Missouri, kwenye mji mdogo ambao vijana wengi wameshaukimbia. Maisha yangu yote nilikuwa mpishi wa shule. Hata hao wenye vitambi na vipara mnaowaona hapa mjini, wamekula mkate wa mahindi kutoka mikononi mwangu.

Kisha shule ikafungwa. Watoto wakapelekwa mji wa jirani, mimi nikapewa keki na saa ya ukutani. Haukupita muda mume wangu Roy akafariki. Mwanangu Curtis yuko Phoenix, anapiga simu Krismasi na siku akikumbuka.

Upweke, asikwambie mtu. Kuna siku nilikuwa napigia kampuni ya umeme kuuliza swali ambalo jibu nalijua, ili tu nisikie sauti ikisema, "Nikusaidie nini, mama?"

Hapo ndipo nikakutana na Harlan na kundi lake.

Hawa ni watu wanaojiandaa kwa siku ambayo serikali, benki na maduka vyote vitaanguka kwa mpigo. Wanakutana Jumamosi nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, wanakunywa kahawa chungu na kuusubiri mwisho. Mimi nilikwenda kununua chakula cha kuku. Nikawasikia wanacheka. Nikabaki.

Nikagundua jambo moja. Kila mtu kwenye kiama chake alikuwa na cheo.

Harlan, ambaye tangu kiwanda cha viatu kimuachishe kazi hakuna anayemuuliza ushauri wowote, kwenye kiama chake ni kamanda. Dale, aliyekimbiwa na mke, kwenye kiama chake mke anarudi na sanduku, anaomba msamaha, na Dale anasema ngoja nifikirie.

Na mimi je?

Kwenye kiama changu watu wanabisha mlangoni wana njaa, nami nafungua nasema, "Ingieni, vuteni viti."

Basi, ni hivyo tu. Sikutaka mtu afe. Nilitaka dunia iharibike kiasi cha watu kunihitaji tena.

Nikaanza kupika na kufunga vyakula kwenye chupa kama nimetumwa. Maharage, nyama ya kulungu, pichi, supu ya kila aina. Chumba cha chini ya nyumba kikajaa mpaka juu. Nikilala nawapangia watu wa mtaa pa kulala: huyu sebuleni, yule chumba cha Curtis, wale wanaogombana niwatenganishe.

Ila kundi lilikuwa na masharti, na Harlan aliyarudia kama sala.

"Usimwambie mtu ulicho nacho. Ukipika, funga madirisha. Siku ikifika, ziba kila upenyo, mwanga usitoke nje. Mtu wa kwanza kubisha usimfungulie. Huyo ni mpelelezi."

"Na akiwa ameumia?" nikauliza.

"Bi Verlene, huyo ndiye mtego wenyewe."

Sasa mwenye akili timamu angeuliza: watu watabishaje kwangu kama hawajui nina chakula? Sikuuliza. Nilikuwa nimepata marafiki baada ya miaka. Wangeniambia nivae ndoo kichwani, ningevaa.

Jirani yangu alikuwa mzee Odell, naye mjane. Sauti yake iliondoka na upasuaji wa koo, akabaki ananong'ona. Lazima umsogelee ndiyo umsikie. Kila nikipika, huyo hapo kwenye uzio.

"Bi Verlene, leo kuna nini jikoni? Pua imenileta."

"Nachemsha soksi za marehemu."

"Basi Roy alikuwa na soksi tamu sana."

Anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Mimi huyo nafunga dirisha. Masharti ni masharti.

Sasa ndiyo ikaja ile dhoruba.

Mvua ilikuwa ikigusa kitu inaganda hapohapo. Miti, nyaya, uzio, kila kitu kikavaa barafu. Matawi yakaanza kukatika kwa mlio wa risasi, nguzo zikalala barabarani, simu zikanyamaza. Na umeme huo, ukaenda.

Nikacheka. Siku yangu imefika.

Nikaziba madirisha kwa mablanketi meusi. Nikawasha jiko dogo na taa moja chumba cha ndani. Halafu nikafanya kitu ambacho Harlan hakunifundisha: nikapanga sahani mezani, meza nzima ikajaa. Moyo ulinidunda kama wa bi harusi.

Sikusikia hodi siku hiyo. Nikala peke yangu nikizitazama zile sahani.

Kesho yake mchana, mlango ukapigwa.

Haukubishwa. Ulipigwa teke, chini kabisa, mara mbili.

Nani anabisha kwa mguu kama si jambazi? Nikachukua bunduki ya Roy, nikasimama nyuma ya mlango. Moshi wa jiko ukanikaba, nikakohoa. Nikajiziba mdomo haraka.

Teke lingine. Kimya. Halafu kishindo kizito nje, kama gunia limedondoka.

Kisha kitu kikaanza kugonga kwenye ngazi. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kinapumzika, kinagonga tena.

"Mtego," nikajisemea. Maneno ya Harlan yalikuwa yananizunguka kichwani. Nikakaza bunduki.

Ilichukua muda mrefu. Mpaka mikono ikaniuma.

Mara gari likasimama barabarani. Nikasikia wanaume wanazungumza, wanahangaika na kitu. Mmoja akauliza kwa sauti, "Humu ndani kuna mtu?"

Sikusikia jibu. Ila nikamsikia mwenzake akisema, "Anasema hakuna. Angalia hata madirisha, giza tupu. Twende."

Gari likaondoka. Nami, we acha tu, nikajipongeza. Nikajiambia nimeshinda genge zima.

Asubuhi nikafungua mlango nione walichoiba.

Hawakuiba kitu. Mlangoni palikuwa na sufuria imeviringishwa taulo, imewekwa chini taratibu. Ndani supu ya kuku, imeganda ikawa jiwe. Kwenye ngazi kulikuwa na alama ndefu ya mtu aliyeteleza. Na chini kabisa, kofia ya manyoya yenye masikio.

Ya Odell.

Alipiga teke kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imebeba sufuria. Hakuita kwa sababu hana sauti ya kuita.

Nikaenda kwake huku nashikilia uzio, mlango uko wazi, nyumba baridi, kuku wanalia njaa, mwenyewe hayupo. Nimemuua, nikasema. Nimemuua Odell na nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Nikashika njia ya mjini kumtafuta. Nilianguka sijui mara ngapi. Nikaona watu wengi wanaingia na kutoka kwenye ile shule yangu iliyofungwa, imegeuzwa kimbilio la wasio na umeme. Nikasukuma mlango wa bwalo, wote wakageuka.

"Bi Verlene! Jamani, yu hai!"

Alikuwa Tammy, nilimlisha tangu akiwa na mapengo, sasa mama mtu mzima. Akanikumbatia nusura aniangushe.

"Tulidhani umekwenda kwa Curtis! Tulimtuma mzee Odell akakuite, maana jiko lako limetushinda. Kuwaka haliwaki, watoto wanakula biskuti kavu. Tukasema hapa dawa ni Bi Verlene mwenyewe."

"Odell yuko wapi?"

Akanionyesha kona. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kukunja, nyonga imevunjika, anasubiri barabara zifunguliwe apelekwe hospitali. Mdomo wake ulikuwa bado wa bluu. Nikapiga magoti, nikasogeza sikio.

"Nilikuletea supu," akanong'ona. "Mpishi nimwendee mikono mitupu?"

"Odell, sikujua ni wewe. Haki ya Mungu sikujua. Nilikuwa..."

"Nilikusikia ukikohoa."

Nikalivuta blanketi lake likamfika kidevuni.

"Mafundi wa umeme waliponiokota wakaniuliza kama kuna mtu ndani. Nikawaambia hakuna."

"Kwa nini, Odell?"

"Niliona afadhali mji udhani umesafiri, kuliko wajue ulikuwepo."

Tammy akaniita kutoka jikoni. Nikaenda. Lile jiko lina ukaidi wake, nikalifungua pembeni, nikalipuliza, likawaka. Vijana wakachukua sleji za kuburuta kwenye barafu wakaenda kuleta chupa zangu. Jioni ile bwalo lilijaa, sahani hazikutosha, watoto wakagombania pichi. Nikasimama nyuma ya kaunta na upawa mkononi, nikasema yale maneno niliyoyaota miaka yote.

"Ingieni, vuteni viti."

Wakanipigia makofi. Kutoka ile kona Odell naye alipiga, kwa mkono mmoja, kwenye ukingo wa kitanda. Ko. Ko. Ko.

Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Hakurudi tena. Hospitali ilimpeleka kwa binti yake Kansas, nyumba yake sasa ina kibao cha kuuzwa. Harlan nilipomsimulia alinipiga begani akasema, "Ulifuata masharti, Bi Verlene." Sikurudi nyuma ya lile duka.

Sufuria yake ninayo. Nikipika sasa nafungua madirisha yote, harufu iende inakotaka. Hakuna anayekuja kwenye uzio.

Wewe unayesoma huku unaomba dunia ivurugike kidogo ili upate kupumua, mimi sikucheki, nakuelewa sana. Ila kaa chini ujiulize, kwenye hicho kiama chako, ni nani unayetaka abishe mlangoni?

Ukishamjua, mfuate leo, umeme ukiwa bado upo.