Meno ya Evasio

Evasio Bertolusso alikuwa na miaka sabini na moja, magoti mawili yasiyoelewana, na shamba la mizabibu lililosimama mlimani kama ukuta. Zabibu za aina ya Dolcetto alishazichuma, za Barbera pia. Zilibaki za Nebbiolo, zenye maringo kuliko zote: huiva mwisho, mchumaji akiwa hoi.

Siku ya kuzichuma haisomwi kwenye kalenda. Unatia punje mdomoni, unaimumunya, kisha unang'ata mbegu. Ikiwa bado, inabonyea na uchungu wake unakunja uso. Ikiiva, inakatika kama njugu ya kukaanga. Ukiwahi, divai itakwaruza makoo miaka kumi. Ukichelewa, mvua inapasua punje, na kazi ya mwaka mzima inaozea mzabibuni. Evasio alizing'ata kwa vuli hamsini, na hakukosea.

Ila Agosti daktari alimng'oa meno yaliyosalia. Ya bandia yalitulia zaidi kwenye glasi kuliko mdomoni. Hakumwambia mtu. Juma zima alipanda mlimani kila asubuhi, akamumunya, akatema mbegu, akatangaza, "Bado." Alikuwa anabahatisha tu, na mvua ilitabiriwa kunyesha Ijumaa.

Jumatano dada yake Tersilla, aliyemzidi miaka mitatu na bado ana meno yake yote, alimfuata shambani.

"Leo vipi?"

"Bado."

Tersilla akainama, akaiokota mbegu iliyotemwa, akaigeuza kwenye mwanga. Nzima.

"Mdogo wangu, hii umeing'ata au umeibusu?"

Evasio akakaa juu ya kreti. "Siwezi. Yanateleza."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na mimi nikakaa nakutazama ukitafuna upepo. Sogea huko."

Akachuma punje, akaitia mdomoni. Evasio akangoja. Moyo ulitaka asikie zimeiva, mvua isiwawahi. Magoti yaliomba asikie bado, yapate japo siku moja ya kulala. Mbegu ikalia ka! kati ya magego ya Tersilla.

"Zimeiva tangu juzi. Lete makasi."

Evasio akaziangalia safu za mizabibu, moja juu ya nyingine, mpaka kileleni.

"Ungenidanganya kidogo tu, hadi kesho."

"Uongo wa juma hili umeshaumaliza wewe."

Evasio akashika nguzo ya mzabibu, akajiinua kwa awamu mbili, akaenda kutafuta makasi.