Kihenge chenye Miguu Minane

Nimesifiwa sana maishani kwa kuelewa picha. Sifa ya kwanza ndiyo iliyoniharibu, na hadi leo nikiikumbuka najichukia.

Tulikuwa chuo cha ualimu, wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mwenzangu wa kitanda cha jirani, mtu wa kijiji cha Mkiwa, mkimya, alirudi kutoka likizo akachora kihenge cha nafaka kinachotembea chenyewe nyikani kwa miguu ya binadamu. Miguu minane: sita peku, miwili imevaa katambuga. Anga alilipaka rangi nyekundu.

Mwalimu wa sanaa, aliyekuwa akitufundisha habari za Wazungu wanaochora ndoto, aliitundika ubaoni kwa furaha.

"Msiniambie mnaona nini. Niambieni picha inahisi nini na inaficha nini."

Nyuma ya darasa alikaa mgeni, ofisa kutoka wilayani, daftari gotini.

Nikanyoosha mkono. Kiherehere changu! Nikasema picha ina hasira. Chakula kimekataa kijiji kipya, kinatoroka. Mwenye katambuga ndiye kiongozi wa watoro, na anga jekundu ni onyo. Darasa likapiga makofi. Mwenzangu akasimama aseme neno.

"Kaa, ndugu," mwalimu alimwambia. "Mchoraji hajifasirii."

Ofisa alikuwa anaandika.

Wiki haikuisha, mwenzangu akaitwa ofisini, akaambiwa afungashe: mpinga ujamaa hawezi kufundisha watoto wa taifa. Nilimkuta bwenini akifunga sanduku lake la bati. Nikampa pole, akaendelea kufunga. Nikakosa haya hata nikamuuliza kama nilifasiri sawasawa.

"Amri ilikuja, tukatii," alisema bila kunitazama. "Mama na wadogo zangu watatu waliingia chini ya kihenge wakakibeba vichwani mpaka kijiji kipya. Mimi nilikuwa nyuma yao na mbuzi. Vumbi lilikuwa jekundu mpaka juu. Nilichora nilichokiona, ndugu."

"Na zile katambuga?"

"Zangu. Mama alichomwa miiba, nikavua nikampa."

Akajitwika sanduku, akatoka. Hapo ndipo nilipomtazama miguu. Alikuwa peku tangu arudi likizo, tukilala ubavu kwa ubavu, na mimi sikuwa nimeona.