Jini wa Sufuria ya Iftin

Leo naweza kucheka, ila siku ile nilitetemeka. Mimi ni mpishi wa pilau, mtu wa Malindi, na ngamia wa arusi ile ya kule Iftin, mji wa wafugaji, nilimchagua mwenyewe. Niliona nundu imesimama, nikawaapia wenye arusi kwamba huyu ni kijana, nyama yake itayeyuka mdomoni.

Jua likafika utosini. Nyama ilichemka tangu alfajiri, lakini badala ya kulainika ilizidi kujikunja, vipande vikijifumba kama ngumi za mtu. Nikachoma kisu, kikarudishwa. Nikahisi kuna anayenitazama kutoka ndani ya mvuke.

"Sufuria ina jini," nikanong'ona. Maneno yakafika kwa wanawake, mama wa bibi arusi akaangua kilio, na watu wa bwana arusi wakaanza kutafuta viatu vyao. Nikainua mwiko, nikasoma dua kwa sauti.

Ndipo babu wa bibi arusi, mchunga ngamia wa siku nyingi, akaja akichechemea, amekumbatia kichwa cha yule ngamia. Akakifungua kinywa mbele ya wageni. Meno yalikuwa yamesagika hadi ufizini.

"Wallahi, jini hakuna," akasema. "Iko uzee. Nyama inafungwa na nyuzi nyeupe, na miaka ikienda, hiyo nyuzi inakaza kama kamba. Hata hii mguu yangu ni hivyo hivyo."

Akatazama huku na huku. "Sasa nani alisema huyu ni kijana?"

Wageni wote wakanigeukia. Mwiko ulikuwa bado juu.